Zamu yangu ya mchezo: niipeleke madhabahuni au nilipe deni?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Nauza mitumba ya watoto Kiboriloni. Mume wangu alikuwa mgumu, akibeba mizigo ya wageni mlimani. Mwaka jana mwezi wa tisa alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yanamtoka kwa shida. Tangu hapo nyumba yote iko mabegani mwangu.*

*Nilikopa shilingi 400,000 kwa watu wa kausha damu nilipie hospitali. Walikata 20,000 ya fomu, nikashika 380,000. Marejesho ni 18,000 kila siku kwa siku 30. Nikashindwa, nikakopa kwa mwingine nimlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu. Sasa nadaiwa kama 1,100,000. Wanakuja na daftari lao wanasimama mlangoni, majirani wanaona. Nimewaandikishia godoro, jiko la gesi na televisheni.*

*Kuna huduma ya maombi nahudhuria. Mtumishi amesema nina kifungo cha ukoo, na nikitoa sadaka ya ukombozi isiyopungua 300,000 nitafunguliwa na mume wangu atainuka. Jumamosi ijayo ni zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo wa akina mama, 350,000. Wamesema pia kwamba zile dawa za presha za mume wangu ni dalili kuwa sijaamini. Hii ni wiki ya pili sijamnunulia, na hela yenyewe sina. Ndugu zake hawajui habari ya deni. Wifi yangu wa Uru tuligombana kwenye msiba wa baba mkwe, mpaka leo hatusalimiani.*

*Usiku naomba mpaka naishiwa maneno, asubuhi mambo ni yale yale. Shangazi, imani yangu ni ndogo? Au Mungu amenichoka?*

*Mama wa Watatu, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale kwenye dawa. Nisamehe, nitaanzia hapo kabla ya lile uliloniuliza.

Dawa za presha za baba watoto zirudi leo. Usingoje Jumamosi. Mtu aliyekwisha kupigwa na kiharusi kimoja, presha ikiachwa ipande inavyotaka, cha pili hakiko mbali, na hicho huchukua hata kidogo kilichokuwa kimebaki. Usimrudishie kwa kukisia. Chukua kadi yake ya kliniki uende naye hospitali ya Mawenzi, umweleze daktari waziwazi kwamba amekaa wiki mbili bila dawa. Ukiwa hapohapo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Hospitali za serikali zina watu hao, na kuwasikiliza wagonjwa wasiomudu gharama ni sehemu ya kazi yao. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa, itakusaidia. Waombe pia wakuonyeshe mazoezi ya mkono na mguu ya kumfanyisha nyumbani.

Aliyekwambia kidonge ni kukosa imani, namwachia Mungu amhukumu. Mimi najua habari za mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15 kwa neno lake mwenyewe. Na baada ya ahadi hiyo Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikawekwa.

Sasa hiyo Jumamosi.

Fungua Biblia yako, Wafalme wa Pili sura ya 4, mistari saba ya kwanza tu. Mjane mmoja amefiwa na mume mcha Mungu, akaachiwa deni, na mwia, yaani mdai, amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila chupa ya mafuta. Anamwambia aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, kisha ajifungie ndani na wanawe amimine. Watoto wanamletea vyombo, yeye anamimina. Chombo cha mwisho kilipojaa, mafuta yakakoma. Akarudi kwa Elisha, naye akamwambia akauze mafuta, alipe deni, na kinachobaki aishi nacho yeye na wanawe.

Habari hii nimeijua tangu darasa la kipaimara. Nilikuwa mtu mzima, nami nina madeni yangu, nilipoona kitu kilichokuwa hapo siku zote: Elisha hakuchukua hata tone. Mafuta yalikuwa ya muujiza, yamekuja kwa neno lake, nyumba imejaa vyombo hadi mlangoni, na bado hakusema fungu langu liko wapi. Alimwona mwanamke mwenye deni, akayaelekeza mafuta kwenye deni. Mama, mtu akikuona unadaiwa hivyo, watoto wako wanalia njaa, halafu akakuomba 300,000, mweke pembeni ya Elisha umtazame.

Sisi wa Moshi hatujasahau Februari 2020, jioni ile kwenye viwanja vya Majengo, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Nimesikia watu wakiwaita wajinga, na kila mara naumia. Walikuwa na wagonjwa nyumbani. Walikuwa na madeni. Walikuwa wewe. Kiu yao ya kufunguliwa ilikuwa ya kweli kabisa, na Mungu waliyemkimbilia yupo. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali kidogo, kwa sababu kiu ya namna hiyo haitakiwi kuchezewa.

Sikukatazi kutoa. Usharikani kwetu kulikuwa na bibi mmoja, Jumapili alikuja na mayai mawili yamefungwa kwenye ganda kavu la mgomba, kafundo juu. Baada ya ibada tunatoka nje kwenye mnada, mnadishaji anayainua yale mayai kama mtu aliyeshika dhahabu, watu wanashindana kuyanunua. Hakuna aliyewahi kumuuliza bibi kwa nini si matatu. Sadaka naijua hivyo. Siku ukiwa na yai, peleka yai.

Lakini katika habari ya yule mjane kuna jambo jingine, na hilo ndilo linanifanya nikuandikie kwa kirefu. Yale mafuta yalipitia milangoni mwa majirani. Elisha angeweza kuyaleta bila vyombo vya mtu. Badala yake alimtuma mwanamke mwenye deni, ambaye bila shaka alikuwa anajificha kama wewe, akabishe hodi nyumba kwa nyumba akiomba sufuria na mitungi. Yaani kila jirani ajue kwamba kwa fulani kuna jambo. Kisha ndipo akafunga mlango. Wewe mwanangu umefunga mlango kabla hujaazima vyombo. Unamimina kila usiku peke yako, ndani ya chupa ileile.

Mwaka niliotakiwa kuingia sekondari mama yangu alikosa karo, na baba alikuwa kitandani. Mama hakumwambia mtu. Alikuwa anaomba chumbani kwa kunong'ona, sisi tunamsikia. Ilifika jioni mbili mfululizo jikoni kwetu hakukutoka moshi, na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji aliona. Akaja na nusu mkungu kichwani, akautua, akaanza kumenya bila kuuliza kitu. Alipofika ndizi ya tatu au ya nne mama akaanza kulia. Wakamenya hivyohivyo, mmoja analia mwingine ananyamaza, mpaka chungu kikajaa. Karo haikulipwa siku ile. Ilipatikana vipandevipande, wiki tatu baadaye, kwa watu sita tofauti. Mama aliniambia ukubwani kwamba kwa hesabu yake Mungu alimjibu jioni ile ya ndizi.

Muulize mume wako, hata kwa maneno yake machache, mizigo ya wagumu inafanywaje getini. Inapimwa. Ikizidi kilo 20 hapandi nayo, inapunguzwa, apewe mwingine. Wewe wako tangu mwezi wa tisa haujawahi kuwekwa kwenye mizani.

Umeniuliza kama imani yako ni ndogo. Mtu mwenye imani ndogo haombi mpaka anaishiwa maneno, huacha mapema. Na Mungu hajakuchoka. Elia, ambaye moto ulishuka kwa maombi yake, muda mfupi baadaye alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumgombeza. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Nimesoma barua yako yote, hujasema popote kama wewe unakula. Kula. Usiku mmoja wiki hii lala bila kuomba, umwachie Yeye zamu. Na ukitaka kuomba lakini maneno hakuna, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Ni kilio kuanzia juu mpaka chini na inaishia gizani, haina hata mstari wa kufurahisha mtu, na imo kwenye Biblia pamoja na zile za shangwe. Mungu amekubali kusemeshwa hivyo.

Kwamba mume wako atainuka akabebe tena mizigo, siwezi kukuahidi, na anayekuahidi kwa bei anakudanganya. Kuna watu mkono hurudi, kuna wanaobaki na fimbo. Ninachokiamini kwa moyo wangu wote ni kwamba hutaachwa peke yako naye.

Hao wa daftari sasa. Tufanye hesabu pamoja: 18,000 mara 30 ni 540,000. Wewe ulishika 380,000. Kwa mwezi mmoja wamekutoza 160,000 juu, zaidi ya asilimia 40 ya hela uliyoishika mkononi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Waambie wote watatu, kwa upole, wakuonyeshe leseni na wakupe nakala ya mkataba uliosaini. Usikopee wa nne. Andika kwenye karatasi moja nani anadai nini na umeshalipa kiasi gani, kisha uende nayo kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze walipo wasaidizi wa kisheria. Wakija kubeba godoro kwa nguvu, mwite mwenyekiti wa mtaa palepale.

Ningekuwa mimi, ile 350,000 ningeigawa hivi: 50,000 dawa na unga, 100,000 nichague nguo nzuri nirudi sokoni na meza iliyojaa, maana meza tupu hailipi deni la mtu. 200,000 ningempa mdai mmoja tu, mbele ya mwenyekiti, kwa maandishi na saini. Na wale akina mama wa mchezo, wakikukabidhi zamu yako, waambie. Nina hakika wawili kati yao wana daftari hilohilo mlangoni kwao.

Ijumaa alfajiri kwenye maombi nitakutaja kwa jina ulilosaini, Mungu anajua jingine.

Limebaki la wifi. Wewe umeolewa Uchaggani, unajua jani la sale ni nini. Ndilo hilo lililopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo wazee walilolibeba kwenda kwa mtu waliyemkosea, naye aliyeletewa alijua hana ruhusa ya kulikataa. Mimi ni Mkristo na sioni ubaya wowote hapo. Kesho panda daladala ya Uru mapema, kabla hajaenda shambani. Ukifika piga hodi, umpe jani. Mambo ya msiba yaache, nani alichanga na nani hakuchanga. La deni nalo lisubiri kidogo. Anza na habari za kaka yake: mwambie wifi kwamba alikaa wiki mbili bila dawa, na kwamba wewe umechoka.