Simu isiyo na waya hukatikaje?

SWALI: Katika zoezi la insha niliandika: "Tulikuwa tunazungumza, mara simu ikakatika." Mwalimu wangu aliipigia mstari mwekundu. Hoja yake ni kwamba simu za siku hizi hazina waya, kwa hiyo hakuna kitu cha kukatika. Alitaka niandike "mawasiliano yakapotea". Je, nimekosea? Neno "simu" asili yake ni nini? Na vipi kuhusu "mtandao uko chini", ambayo yeye mwenyewe huitumia?

JIBU: Hukukosea. Sentensi yako ni Kiswahili safi na ningeiacha kama ilivyo. Hata hivyo mwalimu wako amegusa jambo zuri bila kukusudia, kwa sababu neno simu lenyewe maana yake ni waya.

Asili yake ni Kiajemi, sim, lenye maana ya fedha ile ya madini, na pia waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Habari iliyokuwa ikisubiri meli ikaanza kusafiri kwa umeme, na kitu hicho kikaitwa kwa jina la ule uzi wa chuma. Ndiyo maana ukifungua kamusi za zamani utakuta simu ni telegramu: ujumbe wa maneno machache, ulioandikwa upande huu na kusomwa upande ule. Mtu alipeleka simu kama anavyopeleka barua.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya telefoni, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, mwaka 1876, na sauti ya binadamu ikaanza kupita katika waya. Chombo hicho kilipotufikia, Kiswahili hakikuhangaika kutafuta jina jipya. Kilipanua lililokuwapo: ile ya zamani ikawa simu ya maandishi, hii mpya simu ya mdomo. Kisha Desemba 1901 Guglielmo Marconi akapokea huko Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, bila waya wowote kati. Chombo cha namna hiyo sisi tukakiita simu ya upepo. Litazame jina hilo taratibu: waya wa upepo! Waajemi wenyewe, wenye neno lao, walikiita bisim, yaani "bila waya". Wao walitaja kilichokosekana. Sisi tukataja kinachobeba. Kila mara nikilifikiria jina hilo nawavulia kofia waliolitunga.

Kwa hiyo kama tungefuata mantiki ya mwalimu wako hadi mwisho, kosa lisingeanzia kwenye "ikakatika". Lingeanzia kwenye "simu", na chombo kilicho mkononi mwako kingekosa jina. Hata kile kikadi unachokitia ndani tunakiita laini, na laini hiyo ni mstari, yaani waya uleule kwa mlango mwingine. (Wapo wanaodhani simu imetokana na jina la Kiingereza la kadi hiyo, sim. Ni sadfa tu. Lile ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza na limekuja juzi. Simu imekuwapo katika Kiswahili tangu enzi za telegrafu.)

Sasa tuje kwenye kitenzi, ambako ndiko kwenye utamu. Kukatika hakuhitaji kamba wala waya. Twasema maji yamekatika, mvua imekatika, usingizi umekatika. Kinachohitajika ni kitu kilichokuwa kikienda mfululizo, kisha kikaacha ghafla. Mazungumzo ya simu ni mfululizo wa namna hiyo, basi yanastahili kitenzi hiki hata kama sauti inapita hewani.

Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kinakupa uwezo ambao "mawasiliano yakapotea" haiwezi kukupa. Chukua dada anayezungumza na kaka yake. Maneno yamepanda, mara kimya. Akisema "simu imekatika", ametaja hali tu; hakumlaumu mtu. Huenda betri ya kaka imekwisha, huenda kaingia handakini. Akisema "simu imekatwa", tayari kuna mkono uliofanya jambo, ingawa hautajwi. Lakini akisema "amenikatia simu", kesi imekwisha: kaka ametenda, ametenda kwa makusudi, na aliyeumizwa ni yeye. Silabi moja mbili zimebeba tofauti kati ya bahati mbaya na dharau. Nimeona watu wakinuniana kwa sababu mmoja aliandika "umenikatia" pale ambapo "ilikatika" ingetosha. Ningependa walimu waonyeshe jambo hili darasani, kwa sababu wanafunzi wanalitumia kila siku bila kujua kwamba wanalijua.

"Mawasiliano yakapotea" nayo ni sahihi, ila ina mahali pake. Mawasiliano yametokana na kuwasili: watu wawili wanafikiana. Yakipotea, humfikii mwenzako kwa njia yoyote, pengine hata hujui aliko. Ndege ikitoweka kwenye rada, au chombo cha baharini kikikaa kimya usiku kucha, hapo mawasiliano yamepotea. Ukiitumia kwa simu iliyokatika dakika mbili kisha mkaendelea kuongea, umempa msomaji hofu isiyo na sababu.

Na kwa kuwa hoja ilikuwa ya waya, tuimalize ya waya. Simu yako haina waya kati ya sikio lako na mnara tu. Kutoka mnarani, hasa kwa safari ya mbali, sauti yako kwa kawaida huingia kwenye mkongo, yaani kifungu cha nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Mkongo wa kwanza wa aina hiyo kuvuka Atlantiki ulianza kazi mwaka 1988, na leo sehemu kubwa kabisa ya mawasiliano kati ya mabara hupita chini ya bahari, wala si kwenye setilaiti kama wengi wanavyodhani. Mei 2024 mikongo miwili ya pwani ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, ilikatika, na watu wa Tanzania na Kenya wakaona intaneti ikizorota au kutoweka. Kilichokatika siku hiyo kilikuwa kitu cha kushikika, kilicholala baharini kama ule waya wa 1879.

Katika insha zako, wingi wa waya uandike nyaya. Neno limetoka kwenye Kiingereza, lakini wasemaji walipolisikia likianza na w- walilipanga pamoja na wayo na nyayo, nalo likatulia humo kana kwamba limezaliwa hapa.

Imebaki "mtandao uko chini". Mtandao ni neno zuri, ni ndugu wa kutanda na kutandaa, na wa utando wa buibui. Tatizo ni hiyo "uko chini", iliyoletwa moja kwa moja kutoka Kiingereza na inayoeleweka kwa namna mbili. Mmoja akiisikia anaelewa kwamba mtandao haupo kabisa. Mwingine anaelewa kwamba upo ila nguvu zake zimeshuka. Ukimwandikia mtu anayesubiri faili lako, tofauti hiyo ina uzito. Ukisema "mtandao umekatika", atajua asisubiri, ashike kazi nyingine. Ukisema "mtandao unasuasua", atajua faili liko njiani, litachelewa tu.