Propela ya mapanga yanayogeuka: anzeni na kitovu

Vijana mnaochonga nyuma ya nyumba, kuanzia Kariobangi hadi Dagoretti, nawasihi: acheni kuanza na mapanga. Kila mwanagenzi anayapiga msasa mpaka yang'ae, na kitovu, kipande cha katikati kinachoshika mapanga, hata hakijafika kwenye lethi, mashine ya kukerezea. Propela ya boti ya pichi ya kubadilisha (pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huharibikia kitovuni.

1. Boti ikienda Lamu, msitumie shaba ya njano ya mabaki. Chumvi hula zinki yake, panga likabaki na vitundu na kuvunjika. Tumieni shaba ya alumini.

2. Pini. Hapa tusikilizane vizuri. Shina la kila panga, yaani sehemu inayoingia kitovuni, lina pini iliyokaa pembeni, nayo huingia kwenye mfereji wa kipande kinachosukumwa na fimbo ipitayo ndani ya shafti. Pini ikiwa milimita 15 kutoka katikati ya shina, fimbo ikisogea milimita 5 tu panga hugeuka karibu digrii 20. Ni rahisi kuendesha, lakini pia ni rahisi kuharibu: pini ikicheza milimita 1 mferejini, panga linacheza karibu digrii 4. Kwenye propela ya kipenyo cha milimita 400, pichi ya milimita 300 inaruka hadi kama 365. Mapanga matatu hayachezi sawasawa, kwa hiyo moja linasukuma maji zaidi, shafti inatetemeka, bushi inayoishika inalika. Halafu mnadhani ni uzito wa mapanga usiolingana, mnaanza kukwangua panga lisilo na kosa!

Chanzo ni kutoboa tundu la pini kwa drili ya mkononi, panga moja moja, kwa kukadiria. Tengenezeni jigi moja ya chuma, yaani kiolezo cha kuongoza drili, mapanga yote yalale juu yake kwa upande uleule, mtoboe milimita 9.8 na kumalizia kwa rima ya 10, kifaa cha kulainisha tundu hadi kipimo kamili. Haraka haina nafasi hapa.

3. Kagueni kabla ya kufunga. Simamisheni kitovu juu ya bamba lililonyooka, mpime urefu wa kingo mbili za kila panga, milimita 140 kutoka katikati. Panga la upana wa 90 kwa pichi ya 300 litoe tofauti ya 29. Yakipishana zaidi ya nusu milimita, rudini kwenye jigi.

4. Oringi (pete za mpira za kuzuia maji) mbili kila shina. Ukingo wa tundu upigwe tupa kwanza, la sivyo unakata mpira. Jazeni grisi, mlaze kitovu kwenye pipa la maji usiku kucha huku mkigeuza mapanga mara kwa mara. Asubuhi fungueni: grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, badilisheni oringi.