Jibu: Kwa nini mchangia damu huulizwa maswali ya faragha ilhali damu itapimwa?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ulipokwenda kuchangia damu hapa Mwanza uliulizwa kuhusu wapenzi wako, ilhali damu yenyewe hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende. Sababu kubwa ni kipindi cha mwanzo cha maambukizi, ambapo virusi vimeshaingia katika damu na vinaweza kumfikia mgonjwa, lakini kipimo, hasa kile kinachotafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, bado hakivitambui. Kwa VVU hali hiyo huweza kudumu wiki kadhaa. Katika kipindi hicho kinga iliyobaki ni ukweli wa mchangiaji mwenyewe. Mpokeaji mara nyingi ni mama aliyetokwa damu wakati wa kujifungua, au mtoto mwenye malaria kali au selimundu (sikoseli), ugonjwa ulioenea sana Kanda yetu ya Ziwa, naye hana nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo, ikiwa umepata mpenzi mpya karibuni au unatibiwa ugonjwa wa zinaa, mweleze mhudumu faraghani, hata kama ndugu wanakusubiri nje umchangie mgonjwa wenu, na ninajua shinikizo hilo ni zito. Na kama unachotaka ni kujua tu kama umeambukizwa, usichangie damu ili upimwe; nenda kwenye kituo cha ushauri nasaha na upimaji.