Maswali ya Wasomaji: Morse Hewani

Ndugu Mhariri, nimekariri jedwali lote la Morse, yaani nukta (milio mifupi) na vistari (milio mirefu) vya kila herufi, na naweza kuandika herufi yoyote bila kuchungulia. Lakini klabu yetu ya redio za ridhaa inapofanya mazoezi, wakizidi maneno 8 kwa dakika napotea kabisa. Je, masikio yangu ndiyo mabovu?

Masikio yako ni mazima. Kinachokukwamisha ni hilo jedwali. Ukisikia K, akili inahesabu kwanza: kistari, nukta, kistari. Halafu inakwenda kutafuta jibu kwenye picha uliyoikariri. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, K nzima inachukua milisekunde 540, nawe ungali unahesabu herufi ya pili inapoingia. Wengi waliojifunza kwa macho hukwama karibu na maneno 10 kwa sababu hiyo hiyo.

Anza upya kwa sikio. Fungua programu ya mazoezi, weka kasi ya herufi kwenye 20 na kasi ya jumla kwenye 6 au 8. Kila herufi itapigwa haraka, ila ukimya kati yake utakuwa mrefu. Anza na K na M pekee. Andika unachosikia kwa dakika 5, kisha sahihisha. Ukipata 9 kati ya 10, ongeza herufi moja, basi. Njia hii ya kuongeza herufi moja moja inatokana na kazi ya Ludwig Koch, mwanasaikolojia wa Ujerumani, katika miaka ya 1930, na hatuoni sababu ya kuiacha.

Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinafaa kuliko saa mbili za mfululizo Jumamosi. Ukichoka, refusha ukimya. Usipunguze kasi ya herufi, maana utarudi kwenye kuhesabu. Na herufi ikikuponyoka, acha nafasi wazi uendelee. Anayesimama kuitafuta moja hupoteza tatu zinazofuata. CQ (wito kwa yeyote anayesikia), DE (“kutoka kwa”), 599 (ripoti ya ishara nzuri kabisa) na 73 (salamu za heri) zizoee kama mlio mmoja mmoja, si herufi zilizopangwa.

Natumia kitufe cha kawaida cha kugonga kwa mkono. Wenzangu wananiambia mawimbi yangu yana nguvu lakini hawaelewi ninachotuma. Nipunguze mwendo?

Mwendo hauna shida, angalia mapengo. Nukta ni kipimo 1, kistari ni 3. Pengo ndani ya herufi ni 1, kati ya herufi ni 3, kati ya maneno ni 7. Wanaoanza huharibu hasa hilo pengo la 3. Ukituma A na N bila kuliacha, aliye upande wa pili anasikia P, wala hakosei, kwa kuwa ndicho ulichotuma.

Jirekodi ukituma dakika 2 za maandishi usiyoyajua kwa moyo. Iache rekodi hadi kesho yake, kisha jaribu kuipokea kwa kalamu. Pale utakaposhindwa kujisoma, na wenzako wanashindwa papo hapo.

Kagua pia kitufe chenyewe. Mwanya kati ya vigusio uwe robo hadi nusu milimita. Ukiwa mkubwa, mkono unasafiri bure na nukta zinakatika. Ukiwa mdogo mno, nukta zinashikana. Springi iwe na nguvu ya kukirudisha kitufe juu tu, isishindane na kidole. Kiwiko kikae mezani, kifundo cha mkono ndicho kicheze. Mlio ukiwa na mikwaruzo, vigusio vimechafuka: pitisha karatasi safi katikati, ukibonyeza kidogo. Msasa hapana, unakwangua madini yaliyopakwa juu.

Naisikia stesheni vizuri sana, naiita, haijibu. Antena ni nzima.

Yamkini humwiti kwenye masafa yake. Watumiaji wengi wa Morse hutumia filta, yaani kichujio kinachopitisha masafa finyu tu, ya upana wa hezi 500 au hata 250. Ukiwa pembeni kwa hezi 400, kwake hupo.

Zima kwanza kirekebishi cha masafa ya kupokea. Kikisahaulika kimewashwa, unasikiliza mahali pamoja na kutuma pengine. Kisha linganisha milio: ule unaousikia redio yako inapotuma, mara nyingi karibu hezi 600, uwe sawa na mlio wa stesheni hiyo. Zungusha hadi ilingane.

Redio ndogo za kujiundia zina mtego wa ziada. Nyingi hupokea pande zote mbili za masafa, hivyo mlio unaweza kulingana kabisa ilhali uko upande usio sahihi, mbali kwa hezi 1200. Soma maelezo ya redio yako ujue mlio unapaswa kupanda au kushuka unapoongeza masafa. Ukienda kinyume, vuka hadi upande wa pili.

Je, leseni bado inadai mtihani wa Morse?

Mkutano wa ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano) wa mwaka 2003 uliondoa sharti hilo kimataifa, kila nchi ikaachiwa iamue. Nchi nyingi zimelifuta. Uliza mamlaka ya mawasiliano ya kwako.

Klabu yetu inataka kipindi cha wanagenzi kila wiki. Tupangeje?

Watu 5 au 6 wanatosha; zaidi ya hapo kila mmoja anangoja mno. Kwa wanaokaa ndani ya kilomita mia chache, tumieni megahezi 7 mchana. Antena ya waya ya nusu wimbi ina urefu wa mita 20.3 hivi, ikilishwa katikati, na kimo cha mita 5 hadi 8 kinafaa kwa umbali huo. Wati 5 mara nyingi zinatosha.

Mwongozaji aulize QRL? (“masafa haya yanatumika?”) kabla ya kuanza, asikilize, aulize tena. Kila mtu atume mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: ripoti ya ishara, jina, mahali. Anayejua kitakachofuata hupokea kwa utulivu. Kasi iwe ya yule wa polepole kuliko wote, na akituma QRS (“tuma polepole zaidi”), anayemjibu apunguze papo hapo.