Jibu: Binti wa miaka 16 kuishi na familia ngeni Marekani

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako ataweza kuishi mwaka mzima na watu asiowajua. Mimi nilitoka Tukuyu nikiwa na miaka 17, nikakaa Minnesota. Ataweza, ila mwandae.

Jioni ya kwanza mama mwenyeji aliniuliza kama naongeza chakula. Nikasema hapana, kwa adabu ya kwetu, nikisubiri anibembeleze. Hakurudia! Nikalala na njaa, nikalia nikiikumbuka ndizi ya nyumbani. Kule hapana ni hapana, kwa hiyo mfundishe kusema anachotaka. Nilipomweleza mama yule baadaye, alinikumbatia.

Baridi ya Uyole, kule Mbeya, isimdanganye. Januari kule ziwa linaganda hadi magari yanapita juu.

Kuhusu usalama, anayesoma sekondari kwa viza ya J-1, yaani ya programu za kubadilishana wanafunzi, huwa na mratibu wa programu anayepaswa kuwasiliana naye kila mwezi. Hakikisheni namba yake mnayo nyote wawili. Na kumpigia simu, kumbuka Minnesota wako nyuma yetu saa 8, majira ya baridi saa 9. Usimpigie kila siku, mama. Nilipopigiwa sana ndipo nilipotamani zaidi kurudi.