Kulala msituni na watoto Pemba: hangaikia maji, hema baadae

Jamani, nikitia picha za kule Konde tu watu wananiuliza hema nimenunua wapi, bei gani. Maji hakuna anaeniulizia! Na mie nakwambieni hema ndo kitu cha mwisho, kipupwe kile cha Juni mpaka Agosti turubai moja, kamba na chandarua mnalala vizuri kabisa, lakini familia iliyokwenda porini mara ya mwanzo, hakuna choo, hakuna bomba, hakuna umeme, maji yakiisha saa mbili usiku basi safari imekwisha hapo hapo.

Hesabu nyingi za mitandaoni ni za maji ya kunywa na kupikia. Sie tuna udhu, tuna kuchamba, tuna watoto wanaorudi matope mpaka magotini. Mie napiga lita 10 kwa kila mtu kwa siku, watu watano ni madumu mawili na nusu ya lita 20, kwa hiyo chukueni matatu. Dumu la kunywa liwe peke yake, mlifunge kitambaa, na mtoto asitie kopo mle. Kisima cha shamba kikiwepo muombe mwenyewe, na maji yake chemsha kwanza.

Sasa mahali. Ngezi ni msitu wa hifadhi, una ofisi yake njiani ukitoka Konde kwenda Kigomasha, kwa hiyo kuingia ingia kupitia pale, usijipenyeze usiku na watoto. Sie tulilala nje ya hifadhi, shamba la jamaa zetu lenye miti mikubwa, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale mtaani, tulimwambia mapema tuko wangapi na tunaondoka lini. Hili msilidharau, watu wakiona moto usiku kwenye mikarafuu wanakuja na mapanga, na wana haki yao, karafuu zinaibiwa.

Fikeni kabla ya alasiri mchague jua lipo. Angalia juu kabla ya chini: mnazi wenye nazi hapana, tawi kavu hapana, na mti ukiona majani yake yamegandishwa pamoja kama vifuko wamo majimoto, wale chungu wakali wa mitini, usifunge kamba pale maana watashuka nayo mpaka ndani ya chandarua. Na mkitaka kulala upande wa Vumawimbi karibu na pwani, ulizeni bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa sana. Kila mtu anautaka usiku wa mwezi mpevu, mbalamwezi nzuri, lakini ndo siku hizo hizo maji yanapanda sana, kujaa na kupwa inafika kama mita 4, kwa hiyo mkeka tandika juu kabisa ya ule mstari wa takataka kavu zilizoachwa na bahari.

Choo chimbeni mchana, mbali na kisima, hatua 70 au zaidi. Udongo uachwe pembeni na kifuu cha kuchotea, kila anaetoka anafukia. Njiani tulifunga vitambaa vyeupe kwenye vijiti, watoto wakiwasha tochi wanaviona wenyewe, hata yule mdogo hakukubali kushikwa mkono.

Kilichonipa kazi zaidi ni sauti za usiku. Komba analia kama mtoto mchanga kaachwa peke yake, mtu mzima asiemjua anakosa usingizi seuze mtoto. Mie niliwaambia watoto mchana, tukiwa tunamenya muhogo: usiku mtamsikia komba, ni mnyama mdogo wa mitini, macho makubwa, anapenda matunda na tembo la mnazi, ile pombe inayogemwa. Usiku ule alipolia mdogo alinikamata kanga kwa mikono miwili, kakake akamwambia "komba huyo, anatafuta tembo lake", wakacheka, wakalala. Na tafadhali sana, mambo ya mashetani msiyataje porini hata kwa mzaha, mtoto akishaingia woga mle halali yeye wala nyie. Waonyesheni popo badala yake! Popo wa Pemba hayupo kwengine duniani, mbawa zake zikikunjuka zinafika kama mita moja na nusu, jioni wanaondoka mitini kwenda kutafuta matunda, wanangu walikaa vichwa juu mpaka chai ikapoa.

Chakula msijitese, mafiga matatu, muhogo, samaki wa kuchoma, mkate wa boflo asubuhi. Kuni okoteni zilizokauka, msikate mti. Makumbi ya nazi yakifuka moshi mbu wanapungua ila chandarua pale pale. Kibla huku ni kaskazini, karibu sawasawa, dira ya simu inatosha.

Lile dumu la tatu msilimalize usiku, la asubuhi hilo, la kuzimia moto. Mwaga, koroga jivu na kijiti, weka mgongo wa mkono karibu, likiwa bado na joto mwaga tena, ndo mpakie vitu na taka zenu zote kwenye gari.