Maswali ya Wasomaji: Kambi ya Kiingereza na watoto wasiofungua mdomo

SWALI: Sisi ni walimu tarajali wanane. Tumepelekwa kusaidia kambi ya Kiingereza ya wiki mbili hapa Kigoma, yenye watoto 48 waliomaliza darasa la saba na wanaosubiri kuingia kidato cha kwanza. Tukiuliza swali, wote wanainamisha vichwa. Wakitoka nje wanapiga soga kwa Kiswahili na Kiha. Tumeweka kibao cha kuvaa shingoni kwa anayekutwa akiongea Kiswahili, na sasa hata nje wamenyamaza. Tufanyeje?
Mwalimu tarajali, Kigoma

JIBU: Kibao kiondoeni leo hii, kabla ya kipindi kijacho. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu, hana sentensi za kumfikisha jioni. Ukimnyang'anya Kiswahili, kinachobaki ni kunyamaza, na ndicho alichofanya.

Watoto hao hawajagoma. Wanaogopa kusikiwa na wenzao 47, na swali linapowafikia, sentensi ya kujibia hawanayo. Kwa hiyo punguzeni wasikilizaji, na sentensi itangulie swali.

Mko wanane, wao 48: kila mmoja wenu achukue sita, wale wale hadi kambi iishe. Kaa nao benchi moja, usisimame mbele yao. Dakika kumi za kwanza ni za kuitikia: sema sentensi, kundi zima lirudie mara tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha wawili wawili. Mmoja mmoja bado. Sentensi nne au tano zinatosha, mradi ziwe zile zile watakazozihitaji kwenye zoezi linalofuata.

Zoezi lenyewe lazima limpe mtoto sababu ya kuuliza. Jaribuni la soko. Kila jozi ipate kadi mbili zenye bidhaa nane zile zile: sado ya dagaa, lita ya mawese, nanasi, unga wa muhogo na kadhalika. Andikeni majina ya Kiingereza. Samaki migebuka abaki migebuka, mchoreni tu. Kadi ya kwanza ina bei za bidhaa nne, ya pili ina bei za zile nne zilizobaki. Waketi migongo ikigusana, waulizane mpaka kadi zote mbili zijae: “How much is the pineapple?” “It's two thousand five hundred.” Msiwaketishe wakitazamana, watachungulia kadi na zoezi litaisha bila neno kutamkwa. Migongo ikigusana, hata mwenye sauti ya chini hulazimika kuipandisha, na kelele za jozi nyingine zinamsitiri.

Makosa mawili yatajitokeza karibu kila jozi. La kwanza ni “thousand three”, kwa sababu sisi husema elfu tatu, elfu ikitangulia. La pili ni kuchanganya “thirteen” na “thirty”: ya kwanza hukazwa mwishoni, ya pili hukazwa mwanzoni. Wekeni makusudi bei za 13,500 na 30,500 kwenye kadi moja. Wakimaliza, walinganishe kadi. Bei ikitofautiana wataliona kosa wenyewe, na wataulizana tena bila kuambiwa.

Mtoto akiwa katikati ya sentensi, usimkatize kumsahihisha. Andika kosa kwenye daftari lako. Mwisho wa kipindi weka ubaoni sentensi tatu bila kutaja nani alizisema, kundi lizirekebishe pamoja. Na ukiuliza swali, subiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu au pungufu. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na wale wasiojibu kwa kawaida huanza kujibu. Kwa lugha ya kigeni tungesema tano. Hesabu kimoyomoyo, maana ukimya huo utakukera wewe kuliko wao.

Kuanzia siku ya nne au ya tano, ongezeni mistari miwili. Watoto wasimame wakitazamana. Wa mstari wa kwanza waeleze jambo moja jepesi, kama kazi za nyumbani asubuhi, kwa sekunde 90. Kisha wasogee hatua moja na kumweleza mwingine jambo lile lile kwa sekunde 60, kisha wa tatu kwa 45. Tumeupunguza muda wa mbinu ya 4/3/2 aliyoiandika Keith Maurice mwaka 1983, iliyohesabu dakika (nne, kisha tatu, kisha mbili), kwa kuwa dakika nne ni nyingi mno kwa anayeanza. Mada isibadilike. Kurudia ndiko kunakomfanya aseme haraka zaidi, na ukibadilisha mada kila mara atarudi kutafuta maneno upya. Kabla ya kuanza, wapeni dakika tatu za kujipanga kwa Kiswahili au Kiha. Hilo halina ubaya wowote.

Jioni waacheni wacheze. Kwenye rede, kuhesabu kuwe kwa Kiingereza. Mengine wasemeshane wapendavyo.

SWALI: Kiingereza changu mwenyewe kinayumba. Nikiulizwa neno nisilolijua mbele ya watoto nafanyaje?
Tarajali, Tabora

JIBU: Mwalimu, sema “I'll check and tell you tomorrow”, liandike ubaoni pembeni, na kesho yake anza kipindi nalo. Usilibunie maana, mtoto atalibeba hivyo hivyo hadi kwenye mtihani. Jioni andika neno kwa neno maelekezo yote utakayotoa kesho, kila moja lisizidi maneno sita: “Find a partner.” “Turn your card over.” Yasome kwa sauti mara tatu, na mtarajali mwenzako akusikilize. Maelekezo marefu ndiyo yanayomwangusha mwalimu anayeanza: yeye hujikwaa katikati, watoto hupotea, na wote huishia kwenye Kiswahili kabla zoezi halijaanza.